Hesabu Niliyoikimbia

Ilikuwa jioni ya kaskazi, mwishoni mwa mwezi wa Januari, siku ya pili tangu matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne kutangazwa. Mpwa wangu alikuja kibarazani kwangu, akaniamkia, "Shikamoo, Mjomba," kisha akakaa kimya. Nilimwitikia marahaba, nikangoja. Kahawa ilipoa mbele yetu. Hatimaye akasema: "Mjomba, Kiswahili nimefaulu, Kiingereza nimefaulu, Historia nimefaulu. Hesabu nimepata F. Mama anasema kompyuta basi tena, niende nikajifunze kushona."

Msomaji mpenzi, yapo maneno ambayo mtu huyasikia katika kinywa cha mwenziwe akayatambua kwamba yamepata kupita katika nyumba yake. Neno lile, kwamba asiye na hesabu hana lake katika kompyuta, nilikuwa nimelikuta mara mbili kabla ya jioni ile. Mara ya kwanza niliambiwa mimi. Mara ya pili nililisema mimi kumwambia mwengine. Hii ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nilifanya mtihani wangu wa Kidato cha Nne mwaka 1987. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu hodari wa somo lake, na hodari zaidi wa bakora. Aliandika swali ubaoni, akamwita mmoja wetu, na yule aliyeitwa alikuwa akiitazama bakora kuliko alivyokuwa akilitazama swali. Nilipokuwa nikisimama pale mbele, nambari zilikuwa zikinikimbia kama kaa wa pwani anayesikia kishindo cha mguu. Siku moja mwalimu aliniambia mbele ya darasa zima: "Wewe ni mtu wa maneno. Nambari hazikutaki." Wenzangu walicheka. Mimi nililichukua lile neno kama hukumu iliyokwisha andikwa, nami nikaenda nalo mtihanini, na matokeo yakatoka kama alivyosema.

Lakini usiku wa siku zile zile nilikuwa nikikaa na bibi yangu, naye akinisomea tenzi kwa moyo, nami nikizidaka. Nilipoanza kutunga mashairi yangu, hapana aliyenifundisha kanuni kwa kitabu. Nilihesabu kwa vidole: mizani nane, pumzi, mizani nane tena, mishororo minne, ubeti umekamilika. Mshororo ukipungua mizani moja niliusikia kabla sijauhesabu, kama mtu asikiavyo kokoto katika wali. Haikunipitikia hata siku moja kwamba ile nayo ni hesabu. Hesabu, kwangu mimi, ilikuwa kitu cha ubaoni chenye bakora pembeni.

Kompyuta niliikuta mwaka 1996, katika duka moja dogo la kuchapa barua Mji Mkongwe. Niliajiriwa kwa sababu nilijua taipureta na sikuwa nikikosea tahajia. Mwenye duka alinionya nisiguse chochote ila kibodi. Nilivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu, duka likiwa tupu, nilianza kufungua hiki na kile, na siku moja nikaiharibu programu ya kuchapia hata isifunguke tena. Nilikesha nayo. Hadi alfajiri nilikuwa nimekwisha kuisoma miongozo yote iliyokuwamo kabatini, nayo programu ikafunguka. Usiku ule nilijifunza jambo ambalo skuli haikupata kunifundisha: mashine ile haikuwa na bakora. Ukikosea, hukwambia umekosea, kisha hukungoja. Ukikosea mara mia, hukungoja mara mia.

Kwa miaka kadhaa nikawa naendelea hivyo, mchana nikichapa barua za watu, usiku nikitafsiri na kutunga. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zikapewa jina la Jambo OpenOffice. Nilipozifungua kwa mara ya kwanza nilikaa nazo kama akaavyo mtu na diwani mpya. Nilikubali maneno mengine, mengine niliyabishia peke yangu kwa sauti. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ndani ya kila programu mna maelfu ya sentensi, na kwamba kila sentensi inamtaka mtu wa maneno.

Mwaka 2007 nilipata kazi yangu ya kwanza ya aina hiyo. Siku hizi inaitwa ujanibishaji: kuichukua programu iliyoundwa kwa watu wengine na kuifanya izungumze na watu wako. Nililetewa jedwali refu, kushoto Kiingereza, kulia patupu. Katikati ya sentensi mlikuwa na mabano yenye nambari ndani yake; pale mashine yenyewe ingekuja kutia jina la mtu, au tarehe, au idadi. Katika sentensi mojawapo nilisahau kuyafunga mabano. Programu nzima ikakataa kufunguka. Mhandisi aliyekuwa ng'ambo aliniandikia kwa hasira, nami nikatazama kosa lenyewe: alama moja, katika sentensi moja, kati ya sentensi elfu tatu. Badala ya kuona haya nilijikuta nikitabasamu. Kwani mimi nilikulia wapi, ila katika kazi ambayo mizani moja ikipungua ubeti mzima huchechemea?

Ndugu msomaji, nataka kusimulia mambo mawili ya kazi ile, kwa kuwa hoja yangu yote imesimama juu yake.

La kwanza ni la ngeli. Mhandisi alikuwa ametengeneza sentensi moja ya kuarifu kwamba kitu fulani kimefutwa, akaacha pengo mbele ili mashine ijaze jina la kitu hicho. Kwa Kiingereza pengo lile halina matata, maana kitendo hakibadiliki. Kwa Kiswahili, faili limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Sentensi moja haiwezi kuwavalisha wote kanzu moja. Nilimwandikia barua ndefu nikampangia ngeli zetu katika jedwali. Alijibu kwa ufupi kwamba hakupata kujua kuwa lugha inaweza kufanya hivyo, akaivunja sentensi yake moja na kuandika sentensi mbali kwa kila kitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba si sisi peke yetu: programu inayohesabu vitu kwa Kiarabu huandaliwa maumbo sita, kuanzia la sifuri, la kimoja na la viwili hadi la vingi, pale ambapo Kiingereza kinatosheka na mawili.

La pili ni la saa, na hili lilinitisha. Tuliletewa programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa kunywa dawa. Katika majaribio niliona ujumbe unaosema: "Kunywa dawa saa 2:00." Aliyeunda programu alikusudia saa nane za mchana, kwa kuwa kwao siku huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Mama wa Makunduchi angesoma saa mbili, akanywa dawa yake asubuhi au baada ya isha. Tofauti ni saa sita kamili. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa sita, hesabu ya darasa la pili. Waliounda programu ile walikuwa watu wenye shahada, na hesabu zao zilikuwa kubwa kuliko nitakavyopata kujua. Walilolikosa ni habari ya kwamba yuko mama anayeihesabu siku yake tangu kuchomoza jua. Tuliliondoa kosa kabla programu haijatoka. Baada ya hapo waliniuliza kama ningependa kuajiriwa moja kwa moja, niwe mkaguzi wa lugha na majaribio. Tangu mwaka 2012 hiyo ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto.

Je, niseme basi kwamba kompyuta haihitaji hesabu? Hapana, nitakuwa mwongo, na ushairi umenifunza kuuogopa uwongo unaopendeza. Mtu atakaye kuunda picha za pande tatu ziendazo na kugeuka atakutana na jiometri. Atakaye kuandika maandishi ya siri yasiyofunguliwa na mwizi atakutana na nadharia ya namba. Atakaye kuzifundisha mashine hizi za leo zinazojifunza zenyewe atakutana na aljebra na takwimu. Hiyo ni milango ambayo ufunguo wake ni huo, na wanaoingia humo nawaheshimu. Lakini nyumba ile ina milango mingine mingi: kufanya majaribio, kuandika miongozo, kuunda kurasa za wavuti, kutunza mitandao ya ofisi, kuwasaidia watu waliokwama, kujanibisha. Humo kinachotangulia ni subira, mpangilio wa fikra, na uwezo wa kusema jambo kwa usahihi hata lisiweze kufahamika vyengine.

Na hata huko kwenyewe penye hesabu kubwa, maneno na nambari havikuzaliwa maadui. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa karne ya nane mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra, ndiye aliyeziweka kanuni za bahari za ushairi wa Kiarabu. Huyo huyo alipopanga kamusi yake alizigeuza herufi za kila mzizi kwa kila namna iwezekanayo: herufi tatu zina mipangilio sita, herufi nne zina 24. Kazi ile moja ilikuwa sarufi na hesabu pamoja. Wazungu nao wana Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron. Mama yake alimsomesha hesabu akihofia asije akarithi wazimu wa kishairi wa baba yake. Mwaka 1843 Ada alitafsiri kutoka Kifaransa makala juu ya mashine ya Charles Babbage, na chini yake akaongeza maelezo yake mwenyewe yaliyoizidi kwa urefu makala yenyewe. Katika maelezo yale mna utaratibu wa kuiagiza mashine ambao wengi wanauhesabu kuwa programu ya kwanza kuchapishwa. Yaani programu ya kwanza ilizaliwa katika maelezo ya mfasiri. Sisemi kwamba Ada hakujua hesabu, aliijua sana. Nasema kwamba kalamu ya kutafsiri na kalamu ya kukokotoa zilikuwa katika mkono mmoja.

Nami nikaja kulijua hilo kwa mkono wangu, kwa kuchelewa. Umeme ulipokatika Unguja nzima tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa nikifanya kazi kwa jenereta la jirani, saa mbili kwa usiku, na mafuta nikinunua mwenyewe. Kuyakagua mabano kwa macho, sentensi baada ya sentensi, kulikuwa kunanila mafuta. Nilisikia kwamba ipo lugha ya kuandikia programu inayoitwa Python, na kwamba maneno yake ya msingi hayafiki 40. Nilicheka. Mtu aliyejifunza lugha za watu zenye maelfu ya maneno atashindwa na maneno 40? Baada ya mwezi nilikuwa na programu ya mistari kumi na minane iliyokagua mabano yote kwa kupepesa jicho.

Nilipomaliza hiyo niliandika ya pili, kwa raha yangu tu: ya kuhesabu mizani. Nilidhani ni kazi nyepesi. Kila irabu ni mizani moja. Kisha ile "m" inayosimama peke yake nayo ni mizani, kama katika "mtu" na "mnazi". Lakini ikitangulia "b" mara nyingi huungana nayo, kama katika "mbali". Nikaiandika hivyo, nikaipa mashairi yangu. Ikakwama kwenye neno moja: mbuni. Yule ndege mkubwa ana mizani mbili, mbu-ni. Mti wa kahawa una mizani tatu, m-bu-ni. Na mtu anayebuni jambo naye ana tatu. Herufi ni zile zile, na mashine haina masikio. Nilikaa siku tatu na neno lile, nikichora njia zake katika karatasi: ikiwa hivi, basi vile, la sivyo, hivi. Siku ya tatu nilitambua kwamba karatasi yangu imejaa kitu ambacho mwalimu wangu wa mwaka 1987 angekiita hesabu. Niliandika ubeti huu pembezoni mwake:

Nilikimbia hesabu, nikajificha tungoni,
Kumbe jambo la ajabu, hesabu i kalamuni,
Nane, nane, taratibu, nahesabu vidoleni,
Mwalimu, hili jawabu, nalipata uzeeni.

Sasa nifikie lile ninaloliogopa.

Mpwa wangu huyu ana kaka. Mwaka 2014 alikuwa na umri kama wa dada yake leo, naye alikuja kibarazani hapa hapa na karatasi ya matokeo kama hii. Aliniuliza kama anaweza kujifunza kompyuta. Nilikuwa na ajira ya kompyuta mwaka wa pili. Programu ya mabano nilikuwa nimekwisha kuiandika. Nami nilimwambia: "Bila hesabu, mwanangu, utaishia kuiwasha na kuizima." Aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, Mjomba," akaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Sikuwa namchukia, nilimpenda. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuamini kuwa nimeingia kwa mlango. Nilijiona nimepenya dirishani, na kwamba iko siku atatokea mtu na chaki aniite mbele, na wote waone. Mtu aliyeingia dirishani hamwiti mwenziwe apite hapo; humwambia nyumba imefungwa. Bakora ya mwalimu nilikuwa ningali nayo mkononi, na niliyempiga ni mtoto wa dada yangu.

Kwa hiyo jioni ile ya Januari nilimjibu binti polepole. Nilimwambia kwamba vipo vyuo vinavyomtaka mwombaji awe na ufaulu wa Hesabu na vipo vinavyotazama jumla ya masomo aliyofaulu, basi tuvitafute vya pili bila kuvitupa vya kwanza. Nilimwambia kwamba kazi yangu mimi imekwisha badilika: Google walianza kutafsiri Kiswahili kwa mashine mwaka 2009, na leo mashine huandika rasimu nasi tukasahihisha, na malipo ya neno moja yameshuka. Sitaki aingie akidhani anaingia mahali nilipoingia mimi. Anayesalia ni yule ajuaye kwa nini rasimu ya mashine imekosea, na huyo anahitaji lugha zaidi kuliko zamani, na kidogo cha hesabu pia. Nilimwambia ajiandikishe kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwamba nitasoma pamoja naye. Alinitazama kama aliyedhani namtania.

Tunasoma jioni tatu kwa wiki. Tumeanza na sehemu, kwa kitabu cha Kidato cha Kwanza. Yeye hufahamu upesi kuliko mimi. Anapokosea hugeuka kunitazama mkono, nami huuweka juu ya meza mahali anapouona. Mama yake bado hajasadiki, lakini cherehani haijanunuliwa.

Mwezi uliopita nilipanda daladala hadi Nungwi. Kaka yake ana kibanda huko, anawauzia wageni vitambaa na viungo. Si kazi ya aibu. Si kazi aliyoitaka. Nilikaa naye juu ya mkeka wa mauzo, nikamwambia kwamba mwaka 2014 nilimwambia neno ambalo halikuwa kweli, na kwamba nilijua kuwa si kweli. Alinyamaza kwa muda, akakunja kanga iliyokwisha kukunjwa. Kisha akaniuliza: "Mjomba, ile programu yako inayohesabu mizani, inaweza kuhesabu bidhaa?"

Nilimwambia sijui, lakini nimekuja na kompyuta. Akanisogezea kigoda.